Usiku wa Kenya na Kamalondo: juu ya nini mgeni wa Kamina anahitaji mwenyeji

Kutoka Kamina mpaka Lubumbashi, reli inapita zaidi ya kilometa 500, na kila mtu aliyesafiri nayo anajua kwamba saa ya kufika haiandikwe kwa kalamu, inaandikwe kwa krayon. Unaweza kuingia asubui, unaweza kuingia usiku wa manane. Mizigo inashuka, jamaa wanapokelewa, mtu anaoga, analala. Kiisha kesho yake mangaribi, kama ni kijana na franga kidogo imebakia mfukoni, swali linakuja: Kenya iko upande gani?

Hapa si inchi ya Kenya, ile ya Nairobi. Ni komine Kenya, jirani na komine Kamalondo, mu mji wa Lubumbashi. Ukisema kwa mtu wa Lubumbashi kwamba jana usiku ulikuwa Kenya, hakuulize mambo ya paspoti. Anakuuliza ulikuwa na nani.

Na swali hilo ndilo lenye maana. Wengi wa Kamina wanapoenda kule kwa masomo, kwa ugonjwa, kwa biashara ao kwa ndoa ya jamaa, wanapenda kuona ule usiku ambao wanausikia mu miziki na mu habari za mupira. Kuna wanaorudi na furaha. Kuna pia wanaorudi bila telefone, ao na deni ambayo hawakuelewa namna ilivyozaliwa pa meza. Tofauti kati ya hao wawili mara nyingi si franga, si nguvu, si akili hata. Ni mwenyeji. Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe: hata akijificha katikati ya wengine, kila mtu anamuona. Usiku, ule weupe unaonekana zaidi.

Lakini mbele ya kueleza kazi ya mwenyeji, ni lazima kueleza juu ya nini furaha ya usiku ilikaa mu Kenya na Kamalondo, haikukaa mu ville kwenye taa nyingi. Haikutokea bure.

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Elisabethville, wakati reli iliyotoka upande wa Rhodesia ilipofika kuchukua shaba. Tangu mwanzo mji ulikatwa vipande viwili. Wazungu walikuwa na ville yao, Waafrika walikuwa na cité yao, na katikati waliacha uwanja mtupu wa mamia ya meta. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: walisema mbu anayebeba malaria haweze kuruka mbali namna ile. Mbu labda hakuruka, lakini watu walivuka ule uwanja kila asubui kwenda kazini, kupika, kufua na kulea watoto wa wengine. Jua likishuka, njo sheria iliamka. Mwafrika aliyekutwa usiku mu ville bila karatasi ya bwana wake alikuwa na kosa.

Kwa hiyo usiku wote wa Waafrika ulisukumwa upande mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 cité ilipangwa upya, ikaitwa Albert, jina la mfalme wa Ubelgiji. Leo ni Kamalondo, hata kama wazee wengine bado wanaita Albert. Mwishoni mwa miaka ile ile ya 1920, Kamalondo ilipojaa, Kenya ikaanza kujengwa pembeni yake. Mwaka wa 1932 serikali ya wakoloni ikaifanya cité kuwa kile walichoita centre extra-coutumier, ni kusema mahali pa watu waliotoka chini ya mamlaka ya wafalme wa asili lakini hawakuingia kabisa mu mamlaka ya wazungu. Mahali pa katikati. Na watu wa katikati, jioni, wanatafuta mahali pa kukaa.

Walikuwa nani? Baluba wa huku kwetu, Wabemba, Walunda, Wasonge, watu wa Kasai, watu wa Nyasaland na wa Rhodesia. Kila mmoja na lugha yake. Kiswahili cha Katanga kilikomaa kazini na mu makambi, lakini kilikomaa pia pa meza ya pombe, maana huwezi kucheka na mtu usiyesikilizana naye. Watu walicheza mbeni, ngoma ya vikundi waliovaa na kupiga mstari sawa askari, iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki na kusafiri inchi kwa inchi mpaka kufika Elisabethville. Kila kikundi kilikuwa na wakubwa wake wenye vyeo: mfalme, gavana, daktari. Wakoloni waliangalia ile michezo kwa wasiwasi, maana hawakujua kama watu wanacheza ao wanacheka wao.

Kiisha gitaa likaingia. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mashini ya kunasa sauti, alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamkuta kijana mmoja aliyezaliwa Bunkeya mwaka wa 1930. Alikuwa Mwenda Jean-Bosco. Akamrekodi na gitaa moja tu, na wimbo wake «Masanga» ukafika mbali kuliko gari-moshi lolote la Katanga. Ndugu yake Edouard Masengo naye akajulikana, na Losta Abelo nyuma yao. Muziki ule ulipigwa na mtu mmoja amekaa pa kiti, watu kumi wakimzunguka na chupa zao. Haikuhitaji jukwaa. Mu Kenya kwenyewe, miaka ya 1950, vijana walianzisha kikundi cha Jecoke, ni kusema vijana wachekeshaji wa Kenya, waliocheza, kuimba na kufanya watu wacheke kwa mambo ya maisha ya cité. Masengo alipita mule. Kutoka mu mchezo wa namna hii ndipo Lubumbashi ilipata pia mapenzi yake ya teatri ya Kiswahili, ile ambayo kundi la Mufwankolo liliikuza mpaka ku radio na televizio.

Njo ile cité. Haikuwa kartie ya ubaya, kama vile wengine wanavyopenda kusema mpaka leo. Ilikuwa nafasi moja ambapo mtu aliyeitwa «boy» mchana kutwa aliitwa kwa jina lake.

Pombe nayo ilikuwa na mipaka yake. Bia iliruhusiwa, lakini vileo vikali Mwafrika alikatazwa kuvinunua mpaka miaka ya 1950 kuelekea uhuru. Ukikataza kitu, mtu atakitengeneza nyuma ya nyumba. Kwa hiyo lutuku, ile pombe ya mahindi ao mihogo inayopikwa na kupitishwa mu mupira mpaka itoke matone, ilikuwa kazi ya wamama wengi wa cité, na wengi walilipia masomo ya watoto wao nayo huku wakikimbia polisi. Leo bia ya Simba na ya Tembo, zinazotoka ku kiwanda cha Lubumbashi, zinauzwa kila pembe. Lakini lutuku haikufa. Mwenyeji wa kweli atakuonyesha inapouzwa na kiisha atakuambia usiinywe, juu hakuna mtu aliyepima nguvu yake wala kilichowekwa ndani.

Sasa tuchukue mgeni wetu wa Kamina, na tumfuate mu usiku moja pamoja na mwenyeji. Jina hatumpe, maana anaweza kuwa yeyote.

Kitu cha kwanza mwenyeji anachokifanya kinafanyika bado mu nyumba. Anamuuliza mgeni iko na ngapi. Si kwa kumuomba. Ni kwa kugawanya: franga ya kunywa inakaa mfuko wa mbele, ya kurudi inakaa mahali pengine, na ile nyingine inabaki nyumbani pamoja na karatasi za maana. Kitambulisho chenyewe kinatembea na mtu, kwa sababu usiku askari anaweza kukiuliza, na mtu asiyekuwa nacho atajikuta anajadiliana pale ambapo hana nguvu ya kujadiliana. Telefone kubwa, kama inawezekana, inalala.

Kitu cha pili ni nguo, na hapa mgeni anashangaa. Kama kuna mechi, mwenyeji anaangalia rangi. Uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo, na uwanja wa Kibasa Maliba, wenye historia ndefu ya Lupopo, uko Kenya. Mazembe ni nyeusi na nyeupe. Saint-Éloi Lupopo ni bluu na manjano. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka wa 1939, na Lupopo ilitoka kwa wafanyakazi wa reli, ndiyo sababu mu Kamina, mji wa reli, wengi waliirithi toka kwa baba zao pamoja na kofia ya kazi. Kwa hiyo mtoto wa cheminot anatoka Kamina amevaa shati ya manjano kwa heshima ya baba, kiisha anakaa pa terasi ambapo Mazembe imetoka kupoteza. Hakuna mtu aliyemwambia. Hajafanya kosa, lakini usiku wake umeharibika mbele ya chupa ya kwanza.

Wanafika. Mwenyeji hakai papo hapo. Anasimama, anasalimia mama mwenye bar, anaulizia bei ya chupa. Bei inatajwa kwa sauti, mgeni anaisikia. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalookoa watu wengi. Terasi mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na bei mbili, juu moja ina muziki wa watu wazima wanaopiga mbele yako na nyingine ina bafle tu. Hawakuibii: unalipa kiti, unalipa mwangaza, unalipa groupe inayonguruma kule nyuma umeme ukikatika. Tatizo linakuja tu kama hukuuliza mbele.

Kiisha mahali pa kukaa. Mwenyeji anachagua meza ambayo mgongo wake uko ku ukuta na macho yake yanaona njia ya kutokea. Hasemi juu ya nini. Chupa inaletwa ikiwa imefungwa, inafunguliwa mbele ya macho. Kama imefika wazi, inarudi. Chupa tupu haiondoke pa meza, inabaki pale mpaka mwisho, juu ndiyo hesabu yenyewe: mama mwenye bar anahesabu chupa, nawe unahesabu chupa, na kama hesabu hazipatane munaangalia chini ya meza pamoja. Mgeni mwenye adabu ya Kamina, anayetaka kusaidia kwa kupanga meza na kurudisha chupa ku kreti, amejiharibia ushahidi wake mwenyewe.

Harufu ya michopo inakuja. Ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, na pilipili na chumvi pembeni, ni kitu ambacho Lubumbashi inaweza kujisifu nacho bila kuongeza maneno. Mwenyeji anasimama, anaenda kuonyesha kipande kwa kidole na kupatana bei nyama ikiwa bado mbichi. Ukipatana bei nyama ikiwa imeiva na imekatwa, umekwisha kushindwa. Kama kuna kisahani cha bukari, kula mbele ya kunywa chupa ya pili. Mafundi wa usiku wanajua kwamba mtu aliyekula anakumbuka njia ya kurudi.

Muziki ukipigwa na watu, si mashini, kuna sheria nyingine. Mwimbaji anaweza kuulizia jina lako kwa mwenyeji, kiisha ukasikia jina lako limeimbwa katikati ya wimbo, na jina la kijiji chako, na jina la baba yako. Ni tamu kusikia. Lakini si zawadi. Ile ni kazi, na inangojea matabish: unasimama, unacheza kidogo, unaweka franga mu mkono wake ao unaibandika pa paji la uso wake. Mwenyeji anamwambia mgeni mbele ni kiasi gani kinatosha, ili asionekane mchoyo na pia asijifanye bosi. Maana ukijifanya bosi pa wimbo wa kwanza, utakuwa bosi mpaka asubui, na meza yako itajaa marafiki ambao hukuwaita.

Mtu anaweza kusema: hayo yote ni mambo ya fujo ya kwetu, kwa wazungu na kwa Wajapani usiku umepangwa. Hapana. Ni mfano mzuri kuangalia Tokyo, mji mkuu wa Japani, na kartie yake ya usiku inayoitwa Kabukichō, mu sehemu ya Shinjuku. Ile kartie iliungua kwa mabomu ya mwaka wa 1945. Wakati wa kujenga upya, watu walitaka kuweka pale teatri kubwa ya kabuki, mchezo wao wa kale. Teatri haikujengwa. Jina lilibaki tu, na chini ya jina hilo zikaota bar, sinema na nyumba za kuimba. Karibu yake kuna vichochoro vinavyoitwa Golden Gai, vyenye bar zaidi ya 200, nyingine ndogo namna hii kwamba watu saba wakiingia imejaa. Nyingi zimeshikwa na mwanamke mmoja, na watu wote wanamuita «mama», kabisa sawa vile sisi tunavyoita.

Huko nako mgeni ni kuku mweupe. Ukikaa pa kiti, wanaweza kukuletea kisahani kidogo cha chakula ambacho hukuomba, na kitaonekana ku hesabu ya mwisho. Wageni wengi wanapiga kelele kwamba wameibiwa. Kumbe ni desturi: kile kisahani ni bei ya kiti, na mwenyeji wa Tokyo angekuambia ndani ya sekunde moja. Wizi wa kweli upo, lakini uko pengine. Uko kwa yule kijana anayesimama barabarani na kukuvuta kwa maneno matamu, akikuahidi bei ya chini, kiisha hesabu inakuja ya kufanya mtu alie. Pale Kabukichō, vipaza-sauti vya barabara vinarudia usiku kucha kwamba watu wasifuate wale wavutaji, na kuvuta watu namna ile kumekatazwa na sheria. Kuna pia nyumba za kale, zaidi sana mu mji wa Kyoto, ambazo hazipokei mtu wa mara ya kwanza kama hakuletwa na mteja anayejulikana. Franga yako haifunguwe ule mulango. Ni jina la yule aliyekuleta ndilo linalofungua, na ukifanya fujo, aibu inamrudilia yeye.

Watu wa reli watapenda kitu kimoja zaidi: mu Tokyo usiku unakatwa na train. Ya mwisho inapita karibu na katikati ya usiku, ya kwanza inarudi karibu saa kumi na moja ya asubui. Aliyekosa ya mwisho anabaki ndani ya usiku, apende asipende, mpaka ile ya kwanza. Kwa hiyo mwenyeji mzuri wa kule anaangalia saa kuliko anavyoangalia kikombe.

Turudi Kenya. Saa ya hatari si ile ya kelele. Wakati terasi zimejaa, wamama wa michopo wako pa moto na watoto wa mtaa wanapitapita, kuna macho mengi, na macho ni usalama. Hatari inaanza wakati viti vinapandishwa juu ya meza. Njia ya mita mia mbili inakuwa refu. Hapo mwenyeji anachagua manseba wa moto anayemfahamu kwa jina, si yule anayekuja mbio akiwa wa kwanza, na anakumbuka namba ya moto. Moto moja, mtu mmoja, si watatu. Na kama manseba mwenyewe ananuka pombe, wanangojea mwengine, hata dakika ishirini.

Kuna jambo ambalo mu habari nyingi za usiku linarukwa, na si vizuri kuliruka: wanawake. Mu bar zetu, mwanamume akikaa peke yake na chupa, watu wanasema amechoka na kazi. Mwanamke akikaa peke yake na sukre tu, watu wamekwisha kumpa jina. Hii ni ukosefu wa haki, basi. Binti anayetumikia pa terasi anafanya kazi sawa muuguzi anayelinda usiku ku hospitali, na bei yake haiandikwe ku chupa. Mgeni anayefikiri kwamba kununua bia tatu kunampa ruhusa ya kumshika mkono amekosea kartie, na pa terasi nyingi mama mwenye bar mwenyewe atamuonyesha njia. Wanawake wanaotoka pamoja, wanne ao watano, wana sheria zao: wanaingia pamoja, wanatoka pamoja, na glasi haibaki peke yake pa meza wakati wa kucheza. Kwa hiyo mwenyeji mzuri kuliko wote kwa msichana wa Kamina anayesoma Lubumbashi mara nyingi si kaka, wala si bwana-arusi anayejitoa. Ni dada mwingine aliyekaa kule miaka mingi. Na mtoto asiyefika miaka 18 hana mwenyeji mu mambo haya. Ana mlezi, na mlezi anamwambia alale.

Wengi wanasahau upesi, lakini si zamani usiku ulifungwa tena. Tarehe 18 ya mwezi wa 12, mwaka wa 2020, juu ya ugonjwa wa korona, watu wa Kongo nzima walianza kukatazwa kutembea kutoka saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubui. Sababu safari hii ilikuwa kweli ya afya. Lakini wazee wa Kamalondo wangeweza kusema kwamba wanaijua ile saa tatu. Na tulijua ni nani anayeishi na usiku: si mnywaji tu. Ni mama wa michopo, ni mpiga gitaa, ni manseba, ni binti wa terasi, ni mwenye kuuza mayai ya kuchemsha na kadi za telefone pa kona, ni mlinzi anayepata kahawa ya bure. Bar ikifungwa saa tatu, nyumba zao zote zinalala bila kitu.

Na Kamina yenyewe? Kamina si Kenya ya Lubumbashi, na hakuna lazima ya kuifanya Kenya. Lakini mji wetu nao ulizaliwa na reli, ile ya BCK iliyofika Ilebo mwaka wa 1928, na tangu mwaka wa 1956, wakati njia ya Kabalo ilipounganishwa, watu wa pande tatu wanakutana hapa na kungojea. Mtu anayengojea train anatafuta kiti, chakula na muziki. Ile base kubwa ya ndege nayo, iliyojengwa baada ya vita vya dunia, ilileta askari, na askari wa kila inchi wanajua njia ya bar. Tangu mwaka wa 2015, Kamina ilipofanywa kuwa mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami, wageni wa ofisi wameongezeka juu ya wageni wa reli: wanaokuja kwa mikutano, kwa karatasi, kwa kazi za siku tatu.

Kwao, mgeni ni yule, na wenyeji ni sisi. Ni sisi tunaojua ni terasi gani, kule Dimayi ao Sobongo, iko karibu na nyumba ya watu walio na mfiwa na inapaswa kushusha sauti. Ni sisi tunaojua ni barabara gani haina taa hata moja kutoka gare. Mgeni wa Kinshasa anakuja na Lingala yake na anafikiri kila mtu atamjibu kwa Lingala. Ni mwenyeji anayemwambia pole pole kwamba hapa «jambo, mama» inafungua milango ambayo «mbote» haifunguwe. Na makelele ya usiku, ambayo wakaaji wengi wanayalalamikia, ya bar na ya maombi ya usiku kucha pia, mwenyeji anayajua: anajua ni mzee gani mgonjwa yuko nyuma ya ukuta.

Kitu ambacho wageni wa Kamina hawatarajii ni kwamba kazi ya mwenyeji haiishe pa meza. Mwenye kumtoa mgeni njo mwenye kumrudisha. Anamfikisha mpaka mulango, anasikia kifuli kimefungwa, njo anaenda kwake. Kama wametengana njiani, anangoja mlio wa telefone hata kama usingizi umemshika. Kesho yake asubui anarudi pa terasi, peke yake, kwa mambo mawili. La kwanza ni kuuliza kama mgeni hakuacha kitu. La pili ni kulipa ile chupa moja ambayo, katika kelele za mwisho, hakuna aliyekumbuka kuhesabu. Mama mwenye bar anaipokea franga, anaiweka mu kitenge chake, na mara nyingine anauliza yule mgeni anaitwa nani, na atarudi siku gani.